Mfugaji Ndani ya Ng'ombe

Ng'ombe wa kumi na nne kwenye orodha alikuwa amekwisha kufa.

Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Marieta Sulle alirudi juu ya karatasi akaanza upya, kalamu ikishuka mstari kwa mstari. Mtamba mweusi. Jike la madoa. Dume jekundu lenye pembe moja. Alipofika mstari wa kumi na nne alisimama tena palepale: jike la kijivu, hereni namba 0417, na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo ambazo mtu mwenye haraka huzipita, palikuwa pameandikwa: amekufa, ugonjwa wa ndigana kali, Agosti mwaka jana. Mwenye ng'ombe: Gidamis.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, katika ofisi ya umoja wa wafugaji pale Dongobesh. Chumba kilikuwa kimoja, na ndani yake meza, kompyuta, na kabati la dawa za kuogeshea mifugo ambalo harufu yake haikuzuiliwa na kufuli. Tangu Jumatatu Marieta alikuwa ameibeba karatasi hiyo ndani ya faili. Ameisoma, amewasomea wengine, ameitoa nakala mbili. Lakini alikuwa ameisoma kama mtu anayehakikisha idadi. Kumi na tisa juu, kumi na tisa chini, funga faili.

"Jenifa," alimwita karani wa umoja, "mwizi gani anaiba ng'ombe aliyekufa?"

Jenifa alikuwa mama wa makamo, mwenye sweta zito na sauti ndogo kuliko mwili wake. Aliinama akasoma mstari uleule.

"Hata mimi sielewi, afande."

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mzee Tluway wa Bashay alikuwa na ng'ombe kumi na tisa katika mfumo wa umoja, ule unaofunguliwa kwenye simu au kompyuta, ambamo kila mnyama ana ukurasa wake. Jumamosi iliyopita mwanaye, Maximilian, aliufungua ili aombe kibali cha kusafirisha dume, akakuta ng'ombe wote kumi na tisa wameandikwa ni mali ya Gidamis, mfugaji wa tambarare za Basotu, na rafiki wa baba yake wa miaka arobaini.

Nane kati ya hao walikuwa kwa Gidamis kweli. Ndivyo watu wa huku wanavyofanya tangu enzi za babu zao: mwenye ng'ombe hawalazi wote katika zizi moja. Huwagawa kwa marafiki, wengine mlimani, wengine bondeni, ili ugonjwa ukipita kwa mmoja usimwache mtu mikono mitupu. Rafiki hukamua maziwa na kupata samadi, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Hapaandikwi kitu, na aibu ya kumdhulumu rafiki imetosha kulinda mifugo miaka yote hiyo.

Jumatatu asubuhi Marieta, akisindikizwa na askari wa Hanang, alimkamata Gidamis bomani kwake. Mchana wa siku hiyohiyo alipita Bashay kumsomea Mzee Tluway orodha. Jioni mzee alianguka, mkono wa kulia ukafa ganzi, wanawe wakamkimbiza Haydom hospitali. Kwa maelezo ya Maximilian, tangu alazwe baba yake alikuwa ametamka jambo moja tu likaeleweka: Gidamis asikanyage msiba wangu. Na daktari alikuwa amemwambia Maximilian asiende mbali na kitanda.

Kesho, Alhamisi, Gidamis angesimama mahakamani kwa wizi wa mifugo, na mtu akishaingia huko kwa shitaka hilo hatoki upesi. Marieta alikuwa amekuja Dongobesh kuchukua maelezo ya karani, basi, ili faili lisiende na pengo. Sasa alivuta kiti, akafungua daftari, akaandika saa na tarehe.

"Nani alibadili jina kwenye mfumo?"

"Mimi, afande. Siku ya Ijumaa."

"Kwa amri ya nani?"

"Gidamis alikuja mwenyewe na pikipiki kutoka Basotu. Kuna ng'ombe mmoja wa Mzee Tluway, kati ya wale wanaokaa kwake, alikuwa na homa. Mtaalamu wa mifugo akamwambia mfumo haumruhusu kuandika matibabu kwa mtu mwingine asiyekuwa kwenye ukurasa wa ng'ombe. Akaniomba niweke jina lake, apate dawa. Alisema mzee akija atarudisha."

"Uliweka kwa ng'ombe wangapi?"

"Mmoja. Yule mgonjwa."

Kalamu ya Marieta ilisimama.

"Na kwa nini hukuniambia hivyo Jumatatu?"

Jenifa alikunja mikono kwenye sweta. "Hukuniuliza, afande. Uliingia hapa, ukasema toa orodha, nikatoa. Ukasema usiguse kitu, sikugusa."

Kuuliza si ujinga, wanasema watu. Marieta alifungua maelezo ya Gidamis aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Swali: Ni nani aliyekwenda kubadili jina? Jibu: Ni mimi. Swali: Ulibadili jina la ng'ombe wangapi? Jibu: Ng'ombe hawahesabiwi. Chini yake alikuwa ameongeza kwa mwandiko mzuri: mtuhumiwa alikataa kutaja idadi.

Alikuwa amezaliwa kilomita tano kutoka pale alipokaa. Alijua fika kwamba wafugaji wa tambarare hawataji idadi ya ng'ombe kwa mdomo, kwamba kuwahesabu ni kuwaita wafe. Mtoto wa darasa la pili wa huku anajua. Angeweza kumwambia yule baba, haya, nionyeshe ni yupi. Alipandwa na haya hadi masikioni, akageuza ukurasa.

Bado palikuwa na jambo moja lililomtatiza. Kumbukumbu za mfumo, zilizochapwa pamoja na orodha, zilionyesha kwamba badiliko lilifanyika Ijumaa saa kumi na moja na dakika arobaini na moja alfajiri.

"Saa hizo ulikuwa wapi, Jenifa?"

"Kitandani, afande. Nafungua ofisi saa mbili."

"Lakini mfumo unasema uliingia."

"Basi aliingia mwingine kwa jina langu."

"Nani mwingine anajua paswedi yako?"

Jenifa alitazama ukutani. Marieta akafuata macho yake. Paswedi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda, juu ya mwezi wa pili, kubwa, ya kusomeka hata kutoka mlangoni.

"Alhamisi ile, kabla ya Ijumaa, nani aliingia humu?"

"Watu wengi, ilikuwa siku ya mnada. Maximilian naye alikuja kuulizia vibali."

Hapo Marieta aliona njia mpya ikifunguka, akaikimbilia. Maximilian hakuwahi kuficha kwamba ule utaratibu wa baba yake anauona ni ushamba. Alitaka ng'ombe wote warudi Bashay. Rafiki akionekana mwizi, ng'ombe wangerudi wote kwa siku moja, na kweli walikuwa wamerudi: Jumanne wadogo zake Maximilian walikwenda Basotu na polisi wawili, wakawaswaga wanane wale kurudi nyumbani. Nani aliyefaidika? Alitoka nje, akapiga simu ya Maximilian.

"Ijumaa alfajiri ulikuwa wapi?"

Kulikuwa na kelele za watu na kikohozi upande wa pili. "Kwenye basi, afande, naenda Arusha. Tiketi ninayo mfukoni. Kwani vipi?"

"Namalizia tu. Mzee anaendeleaje?"

"Anapumua kwa shida. Kuanzia asubuhi analitaja jina la yule mtu."

"Anasemaje?"

"Jina tu. Anarudia jina."

Marieta alishukuru, akakata simu. Alisimama kidogo barazani. Magunia ya mahindi yalikuwa yakipangwa upande wa pili wa barabara na kina mama walikuwa wakitaniana, na yeye akawaonea wivu.

Chumba cha Modest kilikuwa nyuma ya duka la kutengeneza simu, hatua zisizozidi hamsini. Modest ndiye aliyeutengeneza mfumo wa umoja. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi kwa ajili ya baridi, kompyuta mbili mbele yake na kikombe cha chai kilichopoa.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Nieleze hii saa." Alimwekea karatasi ya kumbukumbu mezani. "Saa kumi na moja alfajiri nani aliingia kwenye mfumo wako?"

Modest aliangalia mara moja tu. "Hiyo si alfajiri ya hapa. Mashine inayohifadhi mfumo iko nje, inakwenda kwa saa ya kimataifa. Iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ongeza tatu."

Marieta aliongeza. Saa mbili na dakika arobaini na moja asubuhi. Ofisi imefunguliwa, Jenifa kwenye kiti, Gidamis mbele yake na kofia ya pikipiki mkononi. Njia yake mpya ilikuwa imefika ukutani kabla haijafika popote, na Maximilian, pamoja na kuuita utaratibu wa baba yake ushamba, alikuwa hana kosa zaidi ya ukali.

"Sawa," alisema, akivuta stuli. "Jenifa anasema alibadili ng'ombe mmoja. Hapa naona kumi na tisa, na wote wamebadilika sekunde ileile. Ama karani wako ana vidole vya umeme, ama kuna kitu hujaniambia. Na mmoja wa hao alikufa mwaka jana."

"Sekunde ileile?"

"Soma."

Modest alisoma. Alivua kofia, akaiweka mezani.

"Nifundishe," Marieta alisema. "Kama unamfundisha mtu wa mashambani."

"Kwenye programu kuna kitu tunaita klasi, afande. Ni kama fomu tupu. Unaichora mara moja, halafu unajaza nyingi kadiri unavyotaka. Nina klasi ya Ng'ombe: hereni, rangi, umri, chanjo. Nina klasi nyingine ya Mfugaji: jina, kijiji, simu, namba ya uanachama."

"Zinakutana wapi?"

"Moja inakaa ndani ya nyingine. Ndani ya kila Ng'ombe nimemweka Mfugaji. Ni njia nzuri, inafundishwa kila mahali. Badala ya kumwandika mzee mara kumi na tisa, unamwandika mara moja, halafu kila ng'ombe anambeba ndani."

"Anabeba nakala yake?"

"Hapana. Anambeba yeye. Mzee ni mmoja, ng'ombe wote kumi na tisa wanamtazama yeye yuleyule."

"Kwa hiyo mzee akibadili namba ya simu..."

"Unarekebisha mahali pamoja, ng'ombe wote wanaiona. Ndiyo faida yake."

"Na hasara yake?"

Modest aligeukia kompyuta, akaanza kubonyeza. Marieta alimzuia.

"Usinieleze. Nionyeshe, na mimi naandika."

Wakafungua ukurasa wa majaribio, usiogusa kumbukumbu za wafugaji wa kweli. Modest alimsajili mfugaji wa kubuni, akamwita Basili. Akampa ng'ombe watatu: mweupe, mweusi, mwekundu. Marieta aliandika kila hatua na dakika yake. Kisha Modest akafungua ukurasa wa ng'ombe mweupe, akabonyeza palipoandikwa "Badili Mfugaji", akafuta jina la Basili, akaandika Joakimu, akahifadhi.

"Fungua mweusi," Marieta alisema.

Akafungua. Mfugaji: Joakimu.

"Mwekundu."

Joakimu.

Fundi simu wa mbele alikuwa akijaribu mlio wa simu fulani, ukilia na kukatika.

"Nilitaka ile sehemu imtoe mfugaji mmoja ndani ya ng'ombe na kumweka mwingine," Modest alisema taratibu. "Lakini nilivyoiandika, inaingia ndani ya ng'ombe, inamkuta mfugaji aliyemo, inamfuta jina na kumpa jina jingine. Mtu anabaki yuleyule. Na kwa kuwa ni yuleyule ndani ya wote..."

"Hata ndani ya aliyekufa."

"Hata huyo. Tukiandika amekufa, ukurasa haufutwi."

"Hukuijaribu kabla ya kuwapa watu?"

"Niliijaribu, afande. Kwa ng'ombe mmoja."

Marieta aliandika maneno hayo kama yalivyotoka. Hakuona haja ya kuyaongeza. Naye pia alikuwa amepokea jibu la Gidamis kuhusu ng'ombe mmoja, akamwandikia kosa la wote.

"Wewe ni mtu wa wapi, Modest?"

"Hapahapa. Babu yangu yuko kule nyuma ya mashine ya kusaga."

"Babu yako alikuwa na ng'ombe?"

"Alikuwa nao. Wengine kwake, wengine kwa rafiki zake wawili." Alielewa swali lilikokuwa likienda. "Mfano niliojifunzia ulikuwa wa gari na mwenye gari. Nikafuta gari, nikaandika ng'ombe. Gari lina mwenye mmoja. Sikufikiri tena."

"Ingetakiwa iweje?"

"Wafugaji wawili ndani ya klasi moja. Mwenye ng'ombe, na anayemtunza. Gidamis angeandikwa anayemtunza, asingehitaji kugusa jina la mzee. Kazi ya nusu saa." Alijipangusa uso kwa kofia. "Nusu saa, afande."

Marieta hakuwa na haki ya kumlaumu sana, na alilijua hilo. Baba yake mwenyewe alikuwa na ng'ombe watano kwa mtu wa Hanang hadi alipofariki, na yule mtu aliwaleta wote mazishini, na ndama wao, bila kuitwa.

"Bado haitoshi," alisema. "Wakili atasema umeyapanga haya majaribio ili umwokoe mtu. Nataka kitu kutoka kwenye kumbukumbu za kweli. Mtafute Gidamis."

Modest aliandika jina. Wakatokea Gidamis wawili.

Wa kwanza alikuwa mwanachama namba 0388, wa Basotu, na ng'ombe wake mwenyewe hakuna aliyewagusa. Wa pili alikuwa mwanachama namba 0112, aliyejiunga miaka miwili kabla ya mwenzake, na ng'ombe kumi na tisa. Marieta alichomoa ile orodha kwenye faili. Namba 0112 ilikuwa pale juu, chini ya jina, mahali ambapo jicho halina budi kupita. Siku tatu alikuwa ametembea nayo kwapani.

"Nani alikuwa 0112?"

"Naweza kuangalia daftari la ofisi. Lakini tazama, Jenifa alibadili jina na kijiji tu. Simu hakuigusa."

"Nisomee namba."

Modest alisoma, Marieta akapiga, akaweka sauti ya nje ili wote wawili wasikie, na daftari likiwa tayari kwenye goti. Kama namba ile ingepokewa Basotu, nadharia ingeanguka. Simu iliita muda mrefu. Ilikatika. Akapiga tena.

"Halo," ilijibu sauti ya mwanaume.

"Naongea na nani?"

"Maximilian. Ni wewe tena, afande? Hii ni simu ya baba."

Modest alifumba macho. Marieta aliandika: namba iliyo chini ya jina la Gidamis ni ya Tluway, imepokewa na mwanaye, saa tano na dakika ishirini na tano. Alijawa na furaha, furaha kabisa, ya mpelelezi aliyefika mwisho wa uzi.

"Maximilian, nisikilize vizuri. Mwekee mzee simu sikioni. Nataka asikie kwangu mwenyewe. Gidamis hakuiba kitu. Ni mfumo ulioharibika."

Upande wa pili palisikika magurudumu ya kitanda.

"Maximilian, umenisikia?"

"Nimekusikia, afande. Baba amefariki. Sasa hivi wanamfunika."

Yaliyofuata Marieta aliyafanya kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio aliokuwa nao. Aliandika maelezo ya Modest kurasa nne, akamsomea, akamtaka atie sahihi kila ukurasa. Alichapisha kurasa za Gidamis wote wawili. Alirudi kwa Jenifa akachukua maelezo yake upya, safari hii akiuliza na kungoja. Kisha akampigia mkuu wake wa upelelezi, Afande Ignasi, akamweleza tangu mwanzo.

"Kwa hiyo tumemkamata mtu kwa kosa la kompyuta," Ignasi alisema.

"Kompyuta haikumkamata, afande. Nilimkamata mimi."

Ignasi alikohoa. "Mtoe. Nitaongea na watu wa mashitaka. Na usiandike mambo mengi."

Ilikuwa saa nane na nusu alipofika kituoni Mbulu mjini. Gidamis alirudishiwa fimbo yake, mkanda, na shilingi chache, akaweka kidole gumba kwenye kitabu, akatoka nje akakaa kwenye benchi la mbele. Alikuwa mzee mrefu, shuka jeusi begani, vishimo vya siku mbili za kutolala vikiwa chini ya macho. Marieta alitoka akasimama mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Kosa halikuwa lako. Uliomba abadilishwe ng'ombe mmoja, ile mashine ikabadili wote. Nimekwisha kuandika hivyo, na mkuu wangu anajua."

"Mimi nilijua nilichoomba," Gidamis alisema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa akifunga mkanda. "Nipeleke Haydom. Wameniambia mwenzangu amelazwa."

Kwa miaka kumi na saba ya kazi Marieta alikuwa amepeleka habari za vifo kwa watu wengi, na siku zote alikuwa akizitoa akiwa amesimama. Alikaa kwenye benchi.

"Mzee Tluway amefariki, baba. Leo saa tano na nusu kasoro."

Gidamis alivuta shuka akajifunika kichwa. Askari wawili waliokuwa wakiongea mlangoni waliacha kuongea wakaingia ndani.

"Alikuwa ameambiwa?" aliuliza kutoka ndani ya shuka.

Angeweza kusema ndiyo. Maximilian hakuwapo pale, na mzee mwenyewe asingerudi kukanusha. Neno lilifika hadi mdomoni.

"Hapana," Marieta alisema. "Nilichelewa. Alikufa akiamini umemwibia."

Gidamis alishusha shuka. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu, na alimtazama kwa makini, kama anavyotazamwa mtu ambaye kwanza ulimdhania mwingine.

"Ile Jumatatu. Ulipomsomea. Alisema nini?"

Hilo halikuwa kwenye faili. Marieta hakuwa ameliandika popote.

"Alicheka," alisema. "Aliniambia karatasi yangu imelewa. Alisema, Gidamis akitaka ng'ombe wangu ataniomba, na mimi nitampa, kuna haja gani ya kuiba."

"Halafu?"

"Nikamsomea mara ya pili. Akakataa. Nikamwambia, mzee, watu wanadanganya, mashine haidanganyi. Akasema wewe humjui Gidamis. Nikamwonyesha jina lako kwa kidole, kwa kila ng'ombe, mmoja baada ya mwingine. Nilitaka atie kidole kwenye malalamiko, maana bila yeye sikuwa na kesi. Nilikaa naye saa nzima, baba. Mpaka akakubali."

"Saa nzima."

"Ndiyo."

Gidamis aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. Alipanguza fimbo kwa kiganja kutoka juu hadi chini.

"Wanawe hawatanipokea msibani," alisema.

"Nitatangulia mimi. Nitawaambia yote niliyokuambia, mbele ya watu."

"Na hili la saa nzima?"

Marieta alijua maneno hayo yakishasemwa Bashay mbele ya umati, yangefika Mbulu kabla yake, na mezani kwa Afande Ignasi kabla ya Ijumaa. Alisimama, akatafuta funguo za gari mfukoni.

"Nitaanza na hilo," alisema.